Upande Mmoja wa Salvia

Ninyi vijana mnaoingia kazi ya bustani siku hizi, karibu wote mnaanzia mahali pamoja, napo si pazuri: mnaanzia kwenye maji. Kijana akikabidhiwa bustani, neno la kwanza anauliza bomba liko wapi. Ingemfaa zaidi aulize jua linapita wapi. Maua ya kudumu, yaani yale yasiyopandwa upya kila mwaka, hukaa pale ulipoyaweka miaka na miaka. Hayawezi kukimbia kivuli, wala hayawezi kukimbia tope. Ukikosea mahali, maji hayatakuokoa.

Nitaeleza habari ya salvia, kwa sababu ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu kuliko ua lolote, na kwa sababu nimeona watu wengi wenye akili wakidanganywa nayo. Kazi hii niliifanya Dar es Salaam tangu nilipotoka Tabora nikiwa kijana mpaka mgongo uliponikataza kuinama. Sehemu kubwa niliifanya katika nyumba moja iliyokuwa ng'ambo ya Kinondoni, njia ya Bagamoyo, wakati ambapo mtu akitoka hapo kwenda mjini alipita minazi mingi kuliko nyumba.

Salvia ni ya ukoo mmoja na mrehani. Msiamini kwa kuwa nimesema. Shikeni shina lake kwa vidole viwili mlizungushe. Halizunguki vizuri, kwa sababu lina pembe nne, kama la mrehani. Sugueni jani, mtapata harufu. Ziko nyekundu, ambazo watu wengi wanazijua, na ziko za buluu, ambazo vikonyo vya maua yake vina unga mweupe kana kwamba vimepitishwa kwenye sembe. Nyekundu huvumilia kivuli kidogo. Ya buluu haivumilii. Inataka jua tangu asubuhi mpaka alasiri, udongo unaopitisha maji, na mtu asiyeihurumia sana.

Huruma ndiyo iliyoua nyingi. Katika nyumba ile kulikuwa na mpishi, Bwana Athumani, mtu mwema kupita kiasi. Kila jua lilipokuwa kali aliziona salvia zimelegeza majani, akatoka jikoni na maji aliyooshea mchele, akazimwagia.

Nikamwuliza, "Athumani, unafanya nini?"

"Nazinywesha. Huoni zinakata roho?"

"Zinapumzika tu. Jioni zitasimama."

"Weye ukipumzika unalegeza shingo namna hii?"

Kabla mwezi haujaisha, mashina ya salvia za karibu na jiko yalikuwa meusi upande wa chini, na ukiyavuta yanakuja mkononi kama mboga iliyochemshwa. Athumani akasema ni jua limeziua. Basi shikeni hili: msinyweshe mmea mchana kwa sababu umeinama. Uangalieni alfajiri. Ukiwa bado umeinama alfajiri, hiyo ni kiu. Ukiwa umesimama, ulikuwa unajikinga na jua, nanyi mna kazi nyingine za kufanya.

Udongo nao una tabia zake. Kinondoni ni mchanga. Maji hupita kama kwenye chujio, na mbolea hupita nayo. Huko nilichanganya samadi iliyooza kabisa, ile isiyonuka tena, na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Temeke nilikofanya kazi baadaye kuna mahali udongo unashika maji mpaka unateleza, na huko nilifanya kinyume: niliinua tuta hadi magotini, nikatia mchanga na vipande vidogo vya matumbawe. Kijana mmoja aliyejifunza kwangu Kinondoni akapata kazi Temeke, akafanya kila kitu kama nilivyomwonyesha, na salvia zake zote zikaoza. Alinilaumu. Nilimwambia nilimfundisha Kinondoni, sikumfundisha Temeke.

Lakini haya yote ni madogo. Kosa kubwa la salvia ni la mkasi, na hilo siwezi kulieleza bila kumweleza Mzee Kondo.

Mzee Kondo alikuwa mkuu wa bustani pale njia ya Bagamoyo, nami nilikuwa msaidizi wake. Alikuwa Mzaramo, na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani. Wale mliozaliwa mjini huenda mnaona utani ni mzaha tu. Si mzaha tu. Mtani ana ruhusa ambazo ndugu hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Kwenye msiba ndiye anayekuja kukuchekesha, atake asitake.

Kila asubuhi tulianza hivi. Nilifika, nikamwamkia kwa heshima, maana umri ni umri.

"Shikamoo, Mzee Kondo."

"Marahaba, mpagazi wangu. Babu yako yuko wapi? Alipita hapa na pembe ya ndovu kichwani, akamwomba babu yangu maji, mpaka leo hajarudisha kata."

"Yale maji yalikuwa ya chumvi, Mzee. Babu alipofika Tabora alikuwa bado anatema."

"Potelea mbali! Shika jembe."

Alikuwa mtu wa mikono mizuri. Kipandikizi alichokichomeka yeye kilishika. Alikata tawi changa lisilo na ua, chini kidogo ya pingili, akatoa majani ya chini, akalichomeka kwenye mchanga uliolowa kivulini, na baada ya hapo hakuligusa. Mimi nilikuwa na tabia ya kuving'oa nione kama vimeota mizizi. Siku moja aliniuliza kama nikiwa na mtoto nitamfungua tumbo nione kama ameshiba.

Jambo moja tu hakulikubali: kukata mmea wenye ua.

"Mti wenye ua haukatwi," alisema. "Mie nimezaliwa nikalikuta neno hilo."

Na neno hilo si la kijinga. Kwao Kisarawe waliishi kwa milimau na mikorosho. Ukikata mkorosho wenye ua umekata korosho, umekata na karo na kanga ya mke wako. Shambani ni neno la kweli. Shida ni kwamba salvia haizai korosho. Kwa hali ya hewa yetu ya pwani, salvia ya buluu haiachi kutoa maua mwaka mzima. Ukisubiri imalize maua ndipo uikate, hutaikata kamwe. Na isipokatwa inarefuka, shina linageuka kuni, chini panabaki uchi, na maua yanakwenda kukaa kwenye ncha, juu kabisa, machache.

Mwenye nyumba, mke wa bwana mmoja wa serikali, ambaye sote tulimwita Memsabu, naye alikuwa na neno lake. Kwao Ulaya salvia hukatwa baada ya baridi kuua majani. Kila mwaka alitembea katika njia ya kokoto iliyopita katikati ya bustani, salvia kushoto na salvia kulia, akitazama kama majani yamekufa. Hayakuwa yamekufa. Akasema, "Bado." Basi yeye alingoja baridi, Mzee Kondo alingoja maua yaishe, na salvia zikaendelea kurefuka zikiwatazama wote wawili.

Mimi nilikuwa nimejifunza kusoma mwenyewe, nikiwa mtu mzima, na nilisoma chochote kilichopita mkononi, hata karatasi za kufungia sukari. Lakini jambo hili sikulipata kwenye karatasi. Nyuma ya chumba changu Kinondoni nilikuwa na mmea mmoja wa salvia katika debe bovu, wa kujaribia. Nawashauri kila mmoja wenu awe na mmea wa kujaribia, ambao ukifa hakuna atakayeulizwa. Nilikuwa nimeukata ukiwa na maua yake, nikauacha na macho machache ya kijani, yaani yale manundu shinani yanayotoa chipukizi, na ulikuwa umerudi mnene na mfupi, una maua tangu chini. Nilimweleza Mzee Kondo. Akasema debe ni debe na bustani ni bustani. Nilikuwa msaidizi wake, na kwa umri angeweza kuwa baba yangu. Nikashika jembe.

Ndipo Memsabu alipoishiwa subira. Ilikuwa wakati wa masika. Mvua ilikuwa imezilaza salvia ndefu zile juu ya njia, na mtu akipita zinamlowesha magoti. Alikuwa anakwenda Lushoto kukaa wiki kadhaa. Kabla ya kuondoka alimwita Mzee Kondo barazani, nami nikiwa karibu na reki.

"Kondo, mwezi ya saba wageni nakuja kuangalia bustani. Wengi. Wewe naona ile maua? Kama fagio."

"Naona, Memsabu."

"Wewe zee sasa. Mimi nasikia kuna mtu kijana, kazi yake mzuri. Kama wageni nakuja na maua bado kama fagio, yeye naingia, wewe natoka."

Kutoka kulikuwa na maana moja. Mzee Kondo na mkewe, Bi Mwajuma, waliishi katika chumba cha uani cha nyumba ile. Bi Mwajuma miguu ilikuwa imemvimba, hatembei mbali. Kisarawe hawakuwa na mtu tena wala nyumba. Watoto wao walikufa wadogo. Kazi ikiisha, chumba kimeisha. Bi Mwajuma alisikia yote kutoka mlangoni kwake. Jioni ile nilimwona ameanza kukunja mikeka yao mizuri na kuifunga kamba.

Nilimwambia Mzee Kondo tena, "Tukate sasa. Mvua inakwisha. Mpaka mwezi wa saba zitakuwa zimerudi."

"Na zisiporudi?"

"Zikibaki hivi unaondoka."

"Nikiondoka kwa kuwa mzee, ni mzee. Nikiondoka kwa kukata maua ya watu, ni mwendawazimu. Niache, Kasele."

Alipotaja jina langu badala ya kuniita mpagazi, nilijua mazungumzo yamekwisha.

Wiki ile ile dada yake mkubwa, Bi Tatu, alifariki Temeke. Yeye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Nilikwenda, kama mtani anavyopaswa kwenda. Nilikuta watu wengi uani, Mzee Kondo amekaa kwenye jamvi, hata maji hajagusa tangu usiku. Ndugu zake walinitazama kama watu wanaomtazama fundi aliyechelewa.

Jeneza lilipoinuliwa kutolewa ndani, nikalala kifudifudi mlangoni.

"Haa! Mtani huyo!" mtu mmoja akapiga kelele. "Mpeni chake atupishe!"

Mmoja akanitupia senti. Nikazisukuma kwa kidole.

"Sitaki senti za Wazaramo, zina harufu ya muhogo. Nataka haki yangu kwa Kondo."

Mzee Kondo akainuka kwenye jamvi. "Unataka nini kwangu, mpagazi weye? Dada yangu anakungoja wewe?"

"Nataka salvia."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Salvia ndiyo nani? Binti yake?"

"Kondo hana binti."

"Basi mke mdogo. Kumbe mzee yumo!"

Wakaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha wote. Nikasema kwa sauti, nikiwa bado nimelala, "Ni majani! Ana majani ya mzungu kule njia ya Bagamoyo, hataki niyakate. Sitoki hapa mpaka aniruhusu."

"Majani! Mzee Kondo, mpe mwenzio majani, jua linapanda!"

Nilimwona uso. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mdomo wake ulikuwa unacheka. Wapo kati yenu watakaosema ilikuwa vibaya kudai kitu cha kazi juu ya jeneza. Wanaojua utani hawatasema hivyo. Mtani asingedai kitu, ndipo ingekuwa vibaya. Hata hivyo nilijua ninachokifanya: mbele ya jeneza lile asingeweza kuninyima, na mimi mahali pengine nisingeweza kumwamuru.

"Chukua upande mmoja," akasema. "Wa kushoto. Ukigusa wa kulia nitakufukia hapa hapa Temeke, pembeni mwa dada yangu, mpaka kwenu Tabora wasahau jina lako. Na usikate mpaka nirudi kutoka matangani. Sasa ondoka mlangoni, mtumwa mkubwa weye."

Nikaondoka. Nikashika jeneza pamoja na wengine. Jioni alikunywa uji.

Aliporudi kazini, tulikwenda kwenye upande wa kushoto asubuhi, umande ukishakauka. Msikate maua yakiwa yamelowa, kidonda kinaoza. Mzee Kondo alichukua debe tupu, akaligeuza, akalikalia akinipa mgongo, uso ameelekeza kwenye ua wa michongoma. Alisema amenipa, lakini hakusema atatazama.

Nikaanza na mmea wa kwanza, nikaukata karibu kabisa na ardhi, ili niwe nimemaliza haraka. Mkasi ukalia.

"Umekata wapi?" akauliza, bila kugeuka.

"Chini."

"Umekata kuni. Panda juu."

"Unajuaje, nawe umenipa kisogo?"

"Mie ujana wangu wote nimekata miti ya boriti. Mti mkavu ukiukata unapiga kelele. Mbichi unakatwa kimya. Huo umepiga kelele. Hautachipua. Panda juu."

Nilitazama nilipokata. Ndani palikuwa pa kahawia, pakavu, hapana hata jicho moja la kijani. Mmea wa pili nilikata shubiri moja juu ya ardhi, pale gome lilipokuwa bado na rangi.

"Huo sawa," akasema.

Tukaenda hivyo tuta zima. Nikikata vizuri hakusema kitu. Nikikata vibaya alisema "kuni". Mti mmoja ulikuwa mgumu wote, sikuona pa kukata, nikamweleza. Akafikiri, akaniambia nikate matawi nusu tu mwaka huu, yaliyobaki yauvushe, na nusu nyingine nikate chipukizi zikishatoka. Mtu aliyekataa kukata akawa amenifundisha kukata kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Hilo ndilo somo lenyewe la salvia, lishikeni: katia juu ya macho ya kijani, usiingie kwenye kuni, na palipo kuni tupu usikate yote mara moja.

Maua niliyokata nilitaka kuyatupa kwenye shimo la taka. Akainuka mwenyewe, akayakusanya, akayatandaza chini ya michongoma, polepole, kama mtu anayetandika mkeka.

Memsabu alirudi mvua ikiwa imekatika. Alishuka kwenye gari, akafika kwenye njia ya kokoto, akasimama. Kushoto vilikuwa visiki. Kulia lilikuwa lile fagio.

"Kondo! Nani nakata maua yangu?"

"Mtani wangu, Memsabu. Alinidai msibani."

"Mtani nini? Mwizi?"

"Siyo, Memsabu. Mwizi anachukua umelala. Mtani anachukua unatazama, na wewe unacheka."

"Mimi hapana cheka," akasema Memsabu, akaingia ndani.

Hakumfukuza siku ile. Alisema atangoja wageni, kama alivyosema mwanzo, na kwamba yule kijana ameshaambiwa akae tayari. Bi Mwajuma akafunga fungu la pili, la sufuria.

Sasa ilibaki kungoja, na kungoja salvia kuna utaratibu wake. Mmea uliokatwa hauna majani, kwa hiyo haunywi sana. Ukiumwagilia kama zamani unauozesha. Tulisogeza majani makavu yasiguse mashina, tukaweka vipande vya matumbawe kuzunguka. Mpishi Athumani alionywa asitoke na maji ya mchele. Mzee Kondo hakuwa anakwenda upande wa kushoto mbele yangu. Lakini asubuhi moja nilifika mapema, nikamkuta amechuchumaa kwenye tuta hilo, anapuliza siafu kwenye kisiki. Aliponiona alisimama, akasema ameangusha kitu.

Kwenye kisiki kile palikuwa na macho mawili ya kijani, madogo kama punje za mtama.

Mmea wa kwanza, ule niliokata kuni, ulikufa. Ile mingine ilichipua. Chipukizi zilipofika urefu wa kidole nilianza kuchuma ncha zake, ili kila moja itoe mbili.

"Bado unakata tu?" Mzee Kondo akaguna. "Hivi nyie Wanyamwezi mkianza kitu hamjui kuacha?"

"Nakata ncha, Mzee."

"Hata pembe ya ndovu mlianzia ncha."

Zikawa kama mito ya kulalia, ya kijani, imebanana, haionyeshi udongo. Lakini maua hayakuwepo. Mwezi wa sita ukafika mwisho, baridi ya kipupwe ikaingia, na upande wa kushoto ulikuwa kijani kitupu. Upande wa kulia angalau ulikuwa na vishada viwili vitatu kwenye ncha. Mzee Kondo hakunilaumu. Asubuhi aliitikia shikamoo yangu tu bila tusi, na hilo lilinisumbua zaidi. Nilianza kufikiri nitamwambia nini Bi Mwajuma.

Kisha ncha zikapauka. Ndani ya kila ncha palitokea kitu cheupe kama uzi uliopakwa unga, kikarefuka, kikaanza kuwa na buluu kuanzia chini kwenda juu. Maua hayakutoka moja moja. Yalitoka yote pamoja.

Siku ya wageni nilisimama nyuma ya michongoma na reki, kama nilivyoamriwa. Kushoto tuta lilikuwa buluu tangu ardhini mpaka kiunoni, halina mmea hata mmoja ulioinama. Kulia salvia zilikuwa zimelala. Wageni walipita katika njia wote wakiwa wamegeuza nyuso upande mmoja. Mama mmoja wa kizungu aliuliza kitu, na Memsabu akamjibu kwa maneno mengi, akionyesha kwa mkono jinsi ya kukata. Sikusikia yote. Mzee Kondo alikuwa amesimama mwisho wa njia na kofia mkononi, na walipomfikia, Memsabu alisimama pale muda mrefu kuliko alivyosimama mahali pengine.

Asubuhi iliyofuata Memsabu alikuja na kikombe chake cha chai. Tulikuwa wote wawili tunafagia kokoto.

"Kondo, wewe nakaa. Yule kijana mimi nasema hapana."

"Asante, Memsabu."

"Na hii," akaonyesha upande wa kulia, "nakata. Wewe mwenyewe nakata. Hapana Kasele. Kila mwaka, wewe."

"Ndiyo, Memsabu."

Akaenda zake. Mzee Kondo akabaki ameshika ufagio. Upande wa kulia, juu kwenye ncha, maua yalikuwepo bado, na nyuki walikuwa juu yake.

"Nipe niukate mie," nikamwambia. "Yuko ndani. Hatajua."

"Ameniambia mie."

"Basi ngoja hata kesho."

Akaweka ufagio chini, akanyoosha mkono, nikampa mkasi. Hakuchagua mmea uliochoka. Alikwenda kwenye ule uliokuwa na maua mengi kuliko yote ya upande ule, akashika tawi, akangoja nyuki mmoja aondoke. Akasema bismillahi, akakata. Akalitazama lile tawi, akaliweka chini. Akashika la pili.

Uani Bi Mwajuma alikuwa anafungua mafungu yake. Tulisikia sufuria zikigongana. Kisha akaita kwamba uji uko tayari.

"Ufunike," Mzee Kondo akamjibu bila kugeuka. "Kuna upande mzima hapa."